Upumbavu Huu ni wa Nani? Mhadhara juu ya mapengo katika tamthilia za televisheni



Watazamaji waliokulia kwenye vibanda umiza wana kanuni moja ambayo haijaandikwa popote, nayo ni kwamba stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatumbukia mtoni, atafungiwa kwenye nyumba inayowaka moto, na bado kabla filamu haijaisha atatokea amevaa singlendi, bunduki mkononi. Tarehe 12 Juni 2011 tamthilia ya Game of Thrones iliivunja kanuni hiyo. Katika epizodi ya tisa ya msimu wa kwanza, Ned Stark, ambaye sura yake ndiyo iliyopamba mabango ya matangazo, alikatwa kichwa mbele ya umati, binti zake wawili wakiwa palepale uwanjani. Hakuna aliyekuja kumwokoa.

Nataka tuanzie kwenye kifo hicho kwa sababu kilitokana na uamuzi wa kipumbavu. Ned alikuwa amegundua kwamba watoto wa Malkia Cersei hawakuzaliwa na Mfalme Robert bali na Jaime, pacha wa malkia mwenyewe. Badala ya kuipeleka siri hiyo kwa mfalme, alimwendea Cersei bustanini, akamweleza yote aliyoyajua, akamsihi akimbie na wanawe kabla mfalme hajarudi kutoka mawindoni. Cersei hakukimbia. Mfalme alirudi amepasuliwa na nguruwe mwitu, akafa, na Ned akawa mfungwa. Kila mtazamaji aliyemwona akiingia bustanini alijua kwamba anakosea. Na bado sijapata kumsikia mtu akisema kwamba hapo pana pengo katika kisa.

Sababu ni kwamba tulikwisha kumjua Ned. Epizodi chache nyuma alivua cheo chake cha kuwa mkono wa kulia wa mfalme badala ya kuafiki mauaji ya Daenerys, msichana mjamzito aliyekuwa ng'ambo ya bahari. Mtu asiyekubali mtoto wa adui auawe hawezi kumpelekea mfalme mwenye hasira habari ambayo itawaua watoto watatu kabla ya jua kuzama. Upumbavu wa Ned ni wa Ned mwenyewe. Umetoka katika huruma yake na katika imani yake kwamba wengine nao wana heshima. Akaulipia kwa shingo yake.

Hapo ndipo penye swali ninalotaka kuwaachia leo, na ambalo nitalirudia kila nitakapogusa mfano mpya: mhusika anapofanya jambo lisiloeleweka, upumbavu huo ni wa nani? Ukiwa wa mhusika, tamthilia iko salama, hata ikituudhi. Ukiwa wa mwandishi, kwa maana kwamba mwandishi alihitaji tukio fulani litokee na akamsukuma mtu wake huko kwa nguvu, basi kisa kimetoboka, na hakuna muziki wala moto wa kompyuta utakaoziba.

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Huandika orodha ndefu za "makosa" ya tamthilia, na ukizisoma unakuta nusu yake ni makosa ya wahusika tu. Robb Stark, mwana wa Ned, aliahidi kumwoa binti wa Walder Frey ili avushwe daraja na jeshi lake, kisha akapenda kwingine na kuoa kwingine. Ni kosa kubwa la kisiasa. Lakini ni kosa la kijana aliyepewa taji kabla ndevu hazijakomaa, na epizodi ya tarehe 2 Juni 2013, ile ya harusi iliyogeuka machinjio, ilimdai gharama yote pamoja na riba. Tamthilia inayodai gharama namna hiyo inatufundisha kuamini kila neno linalosemwa ndani yake.

Mfano ninaoupenda kuliko wote uko katika Breaking Bad. Walter White ni mwalimu wa kemia mwenye saratani ya mapafu na hana fedha za matibabu. Katika msimu wa kwanza, mwaka 2008, rafiki zake wa zamani, Elliott na Gretchen Schwartz, wenye kampuni tajiri, wanajitolea kumlipia kila kitu. Walter anakataa, anarudi kupika dawa za kulevya, na watu wanazidi kufa. Kwa hesabu ya kawaida huo ni wazimu. Ukiondoa kukataa kule, hakuna tamthilia. Mtazamaji mwenye shaka angeweza kusema kwamba mwandishi alimlazimisha akatae ili epizodi ziendelee.

Vince Gilligan, mtunzi wa tamthilia hiyo, na wenzake hawakuliacha hivyo. Kukataa kule kulikuwa na kiburi ndani yake tangu siku ya kwanza, na katika msimu wa tano, mwaka 2012, Walter mwenyewe anafungua mdomo: aliwahi kuwa mshirika katika kampuni ile, akauza hisa yake kwa dola 5,000, na sasa kampuni ina thamani ya dola bilioni 2.16. Anaijua tarakimu hiyo kwa sababu huitazama kila wiki. Miaka minne baada ya kukataa, tunaelewa kwamba msaada ule kwake ulikuwa kama kuambiwa apige magoti mbele ya watu waliokula jasho lake. Hatuafiki, lakini tunaelewa. Mtunzi mwenye subira ya namna hiyo anastahili heshima yetu, na mimi namheshimu sana.

Wapo watakaoniuliza kwa nini tunajisumbua. Hii ni tamthilia tu, watasema. Kama mmekubali kwamba kuna majoka yanayotema moto, kwa nini mnalalamikia kunguru anayeruka haraka mno? Hoja hii nimeisikia kutoka kwa watu wenye akili, nami nataka kuijibu kwa uzito wake.

Wazee wetu waliotusimulia hadithi jioni walitutaka tukubali kwamba sungura anaongea, analima shamba na kuoa. Tulikubali bila ubishi, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya ulimwengu ule, na ilitangazwa mapema, pale tulipoitikia "njoo". Lakini msimulizi angethubutu kusema kwamba sungura alipewa mfuko mtupu na fisi akaamini kuwa una asali, watoto wangemkatiza. Sungura hadanganywi na fisi. Akidanganywa, basi lazima kuwe na sababu. Ndiyo maana anaposhindwa na kobe tunaambiwa kwanza kwamba alimdharau. Majivuno yake yametangulia, aibu yake imefuata. Watoto wa miaka sita wanaijua tofauti kati ya ajabu la ulimwengu wa hadithi na uongo juu ya tabia ya mtu. Aristotle alikwisha kuyaona haya zaidi ya miaka 2,300 iliyopita alipoandika juu ya tamthilia za Wagiriki: alipendelea jambo lisilowezekana lakini linaloaminika kuliko jambo linalowezekana lakini haliaminiki, na alitaka yasiyo na mantiki yakae nje ya kisa chenyewe. Alitoa mfano wa Oedipus, mfalme ambaye kwa miaka mingi hakujua jinsi mfalme aliyemtangulia alivyouawa. Hata Sophocles, aliyeutunga mchezo huo, alikuwa na pengo lake. Alilisukuma tu likakae kabla ya mchezo kuanza.

Sasa turudi kwenye Game of Thrones, lakini tuje mwaka 2017, maana tamthilia ileile iliyotufundisha kudai gharama ndiyo iliyotoboka vibaya, na ninaona ina mengi ya kutufunza kuliko tamthilia mbovu tangu mwanzo.

Epizodi iitwayo "Beyond the Wall" ilirushwa tarehe 20 Agosti 2017. Jon Snow na wenzake wachache wanavuka Ukuta kwenda kaskazini kumteka mfu mmoja anayetembea, ili wamrudishe kusini na kumwonyesha Cersei kwamba jeshi la wafu ni la kweli. Wanazingirwa katikati ya ziwa lililoganda. Gendry anatumwa akimbie kwa miguu hadi ngome ya Eastwatch. Kutoka hapo kunguru anatumwa hadi Dragonstone, kisiwa kilicho mbali sana kusini. Daenerys anasoma barua, anapanda joka, anaruka na majoka yake matatu hadi kaskazini, na anafika wakati hasa Jon na wenzake wanaelekea kuzidiwa. Yote hayo, kwa tunavyoona kwenye skrini, yanachukua usiku mmoja na sehemu ya mchana.

Kumbukeni jinsi tamthilia hii ilivyoanza. Katika epizodi ya kwanza kabisa, mfalme anapofika Winterfell akitoka mji mkuu, malkia analalamika kwamba wamesafiri mwezi mzima. Mwezi mzima! Umbali ulikuwa nguzo ya kisa. Barua zilichelewa, majeshi yalichoka. Mwongozaji wa "Beyond the Wall", Alan Taylor, alipoulizwa alikiri kwamba muda waliufifisha makusudi, akitumaini kuwa giza lile la jioni isiyoisha huko kaskazini litawafanya watu wasihesabu siku. Alilenga, kwa maneno yake, aina ya mambo yasiyowezekana lakini yanayoaminika, yaani alikuwa akimfuata Aristotle. Ninamwelewa, ila nadhani alisahau kwamba watazamaji wake walifundishwa kuhesabu siku na tamthilia hiyohiyo kwa misimu sita.

Lakini kunguru ni dogo. Kubwa ni mpango wenyewe. Aliyeutoa ni Tyrion, mtu ambaye tangu 2011 tumeonyeshwa kuwa ndiye mwenye bongo kali kuliko wote na ndiye anayemjua dada yake Cersei kuliko mtu yeyote aliye hai. Mtu huyo anapendekeza kwamba watu muhimu kuliko wote upande wao wakahatarishe roho zao ili kumshawishi mwanamke ambaye yeye mwenyewe anajua hashawishiki. Cersei anamwona mfu, anaahidi msaada, kisha hatumi jeshi. Katika safari hiyo joka moja, Viserion, linauawa, Mfalme wa Usiku, kiongozi wa jeshi la wafu, analifufua, na tarehe 27 Agosti, katika epizodi ya mwisho ya msimu, joka hilo linaubomoa Ukuta uliosimama maelfu ya miaka.

Sasa ulizeni swali letu. Upumbavu huu ni wa nani? Si wa Tyrion. Hatukuandaliwa kumwona amelewa mapenzi, au amechoka, au anamwonea dada yake huruma kiasi cha kupofuka. Waandishi walihitaji Ukuta uanguke. Ili uanguke walihitaji wafu wapate joka. Ili wapate joka lazima joka liende kaskazini. Wakaanzia mwisho, wakarudi nyuma hatua kwa hatua, na katika hatua ya mwisho wakamkuta Tyrion amesimama, wakamwekea maneno mdomoni.

Msimu wa nane uliendelea vivyo hivyo. Katika vita vya Winterfell, epizodi ya tarehe 28 Aprili 2019, wanawake, watoto na wasiojiweza walifichwa kwenye mahandaki ya makaburi chini ya ngome. Adui anayekuja ni mfalme anayefufua maiti. Jon alimwona kwa macho yake akifanya hivyo kule Hardhome katika msimu wa tano, akiinua mikono na maelfu wakiinuka. Hakuna hata mmoja kati ya makamanda wote wale aliyeuliza kama ni busara kuwaficha watoto miongoni mwa maiti. Laiti mmoja angeuliza, na mwingine akamjibu kwamba hakuna mahali pengine penye kuta nene kiasi hicho! Sentensi mbili tu zingetosha. Wangekuwa wamechagua hatari waliyoijua, nasi tungekaa tukiomba Mungu makaburi yasifunguke. Kwa kukosa sentensi mbili, tukio la kutisha likawa tukio la kuudhi.

Wiki moja baadaye Daenerys alipoteza joka la pili. Anaruka angani mchana kweupe, bahari iko chini yake wazi, na merikebu za Euron Greyjoy, mshirika wa Cersei, zinatokea kama zimetoka shimoni na kumpiga Rhaegal kwa mishale mikubwa. David Benioff, mmoja wa waandishi wakuu, alieleza katika mahojiano yaliyorushwa baada ya epizodi kwamba Daenerys alikuwa kama amesahau kuhusu merikebu hizo. Kikao cha vita cha epizodi hiyohiyo kilikuwa kimezitaja mbele yake. Sentensi ya Benioff ilichekwa dunia nzima, na mimi sitaki kuicheka. Nataka muisikie kama wanafunzi wa kazi hii. Mwandishi alitakiwa aeleze sababu ya mhusika, akatoa badala yake hali ya mswada. Swali lilikuwa limekosa jibu tangu chumba cha uandishi, na jibu likatafutwa baada ya kurekodi.

Tamthilia ilifikaje huko? Benioff na mwenzake D. B. Weiss si watu wasiojua kazi. Wao ndio waliotupa Ned na ile harusi. Misimu ya mwanzo waliitoa kwenye vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilitoka 1996 na cha tano 2011. Cha sita hakikuwa kimetoka tamthilia ilipoyapita masimulizi ya vitabu. Martin alikuwa amewaeleza mambo makuu ya mwisho, kwa hiyo walikuwa na majina ya vituo vya mbele lakini barabara ya kwenda huko haikuwa imechongwa. Na barabara ndiyo kazi. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na epizodi 10 kila mmoja. Wa saba ukawa na 7, wa nane 6. Kituo cha HBO kilikuwa tayari kuwapa nyingi zaidi. Wao waliamua kwamba inatosha.

Ndiyo maana natofautiana na wengi kuhusu Daenerys kuuteketeza mji mkuu kuelekea mwisho wa msimu wa nane. Wengi husema tendo lile halikuwa na mantiki. Mimi naona lilikuwa na mantiki kubwa. Mwanamke huyu aliwasulubu mabwana 163 wa Meereen. Aliwachoma moto baba na mwana wa ukoo wa Tarly kwa kukataa kumpigia goti. Maisha yake yote ameambiwa kwamba moto ni haki yake ya kuzaliwa. Mbegu zilipandwa. Zilichokosa ni majira ya kukua. Kutoka mkombozi hadi mchoma mji tulipewa epizodi mbili, kengele zikalia, uso ukabadilika, watu wakaungua. Haraka inaweza kuugeuza ukweli ukaonekana uongo, na hilo linauma zaidi kuliko uongo wenyewe, kwa sababu uamuzi uliokuwa wa mhusika kweli ukaonekana ni wa mwandishi. Watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka msimu wa nane uandikwe upya. Kudai kazi ya mtu ifutwe si jambo ninaloliunga mkono, lakini wingi wa sahihi zile unaonyesha huzuni ya watu waliokuwa wameamini. Mwezi Septemba mwaka huohuo tamthilia ilipewa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Tuzo haikubadilisha chochote kwa waliovunjika moyo.

Kile kikombe cha kahawa kilichosahaulika mezani mbele ya Daenerys, ambacho HBO walikifuta kwa kompyuta siku mbili baada ya epizodi kurushwa, nakitaja ili nikiache. Kikombe hakisemi uongo juu ya mtu yeyote.

Tusidhani kwamba mapengo yote hutokana na uzembe wa kalamu. Televisheni ni kiwanda, na mwandishi hana funguo zote. Tamthilia ya 24 ilipoanza Novemba 2001, kituo cha Fox kilikuwa kimeagiza epizodi 13 tu, ingawa kisa kilijengwa juu ya saa 24. Waandishi wakatunga kisa kinachoweza kufungwa saa ya 13 endapo hawataongezewa. Walipoongezewa, mke wa shujaa Jack Bauer, ambaye alikwisha kuokolewa, ilibidi atafutiwe shughuli, akapoteza kumbukumbu. Na uamuzi kwamba Nina Myers, mfanyakazi mwenzake Jack, ndiye msaliti ulifanyika msimu ukiwa tayari unaandikwa, kwa hiyo ukirudi kutazama saa za mwanzo utaona Nina akifanya mambo ambayo msaliti hana sababu ya kuyafanya.

Mgomo wa waandishi wa Marekani ulianza tarehe 5 Novemba 2007 ukaisha Februari 2008. Tamthilia ya Heroes ilikatwa msimu wake wa pili ukiwa na epizodi 11. Peter Petrelli alikuwa amempeleka mpenzi wake Caitlin katika siku zijazo ambako ugonjwa umeua karibu watu wote duniani, akamwacha huko bila kukusudia. Siku zile hazikuja tena, na Caitlin hakutajwa tena. Shujaa anayeokoa ulimwengu hakuuliza mpenzi wake yuko wapi. Lost nayo ilikuwa na mtoto, Walt, ambaye kisiwani ilipita miezi miwili tu wakati mwigizaji wake, Malcolm David Kelley, akirefuka kwa miaka miwili ya kurekodi. Mwili wa mtoto hausubiri mswada.

Lakini kuna njia ya kuziba pengo ambayo ni mbaya kuliko pengo. Wengi wenu mnaikumbuka Prison Break. Mwishoni mwa miaka ya 2000 DVD zake zilizunguka Dar es Salaam na Nairobi mkono kwa mkono. Mwaka 2007 mwigizaji wa Daktari Sara Tancredi hakuendelea na tamthilia, na Lincoln, kaka wa shujaa wa tamthilia, akafungua sanduku akakuta kichwa cha Sara ndani. Ilikuwa siku nzito. Msimu uliofuata mwigizaji alirejea, na tukaambiwa kichwa kile hakikuwa chake. Mwaka 2009 shujaa huyo, Michael Scofield, alikufa na tukaonyeshwa kaburi lake. Mwaka 2017 alikutwa hai gerezani Yemen. Dallas ilifanya makubwa zaidi: Bobby Ewing alikufa Mei 1985, na Mei 1986 Pam, aliyekuwa mkewe, akaamka akamkuta anaoga, ikawa msimu mzima ulikuwa ndoto. Tamthilia dada, Knots Landing, ilikuwa imekwisha kuomboleza kifo hicho, ikaendelea na Bobby wake aliyekufa.

Kila mara mfu anaporudishwa bila gharama, watazamaji wanarudishiwa machozi yao kama noti bandia. Tangu siku hiyo hawatalia tena kwa kifo chochote katika tamthilia hiyo, na wana haki. Laiti waandishi wa Dallas wangemwacha Pam aendelee kuomboleza na wamtafutie Patrick Duffy, aliyemwigiza Bobby, sura nyingine ya kucheza! Ningeikubali hata hiyo.

Kutojua mwisho si dhambi, na nataka niliseme hili kwa wanafunzi wanaoogopa. Waandishi wa Breaking Bad walimwonyesha Walter na bunduki kubwa ya rashasha kwenye buti la gari mwanzoni mwa msimu wa tano wakiwa hawajui itatumikaje. Walijifunga deni mbele ya ulimwengu. Kisha wakakaa chumbani hadi wakapata namna ya kulilipa, kwa njia inayofanana na mwalimu wa kemia mwenye mikono ya fundi.

Huku kwetu tuna shule ya mambo haya ambayo vyuo havijaipa heshima yake: wasimulizi wa video. Lufufu alifanya kazi hiyo Dar es Salaam, DJ Afro anaifanya Kenya, na Uganda wapo mavijee kama VJ Jingo. Wanaodhani watu hawa hutafsiri tu hawajawasikiliza. Mhusika akiingia peke yake usiku katika ghala lenye maadui bila sababu yoyote, msimulizi humtafutia sababu: ana deni la damu, hamwamini mwenzake, au ana kiburi cha kwao. Anaziba pengo papo hapo kwa sauti yake, kwa sababu anaijua hadhira iliyoketi kwenye mabenchi yale, na anajua kwamba itapiga kelele. Kazi anayoifanya kwa sekunde tatu ndiyo iliyomshinda mwandishi mwenye miezi.

Katika miswada inayonifikia kutoka kwa vijana wetu, pengo linalorudi kuliko yote ni lile la simu. Mtu amegundua siri nzito. Anampigia mwenzake na kusema: nina jambo la kukwambia, lakini si kwenye simu, tukutane kesho. Kesho haifiki, anauawa. Ninawauliza waandishi kwa nini hakusema palepale, na wananijibu kwamba angesema, tamthilia ingeisha. Hilo ni jibu la mwandishi. Natafuta la mhusika. Labda anayepigiwa simu ni mama mgonjwa wa moyo. Labda aliyegundua siri naye amechafuka ndani ya siri hiyo na anataka usiku mmoja wa kujipanga. Labda anataka kulipwa. Kila moja ya sababu hizi ingemfanya awe mtu, na epizodi tatu zaidi zingejiandika zenyewe.

Sisemi haya kwa kuwadharau. Najua kwamba wapo kati yenu wanaoandika epizodi usiku na kuikuta inarekodiwa asubuhi, mwigizaji mkuu akiwa amesafiri, na eneo la hospitali likiwa limegeuzwa ghafla kuwa sebule kwa sababu kibali hakikupatikana. Katika hali hiyo mapengo yatakuwepo. Lakini tabia ya mtu ilindeni kuliko yote. Nyumba ikibadilika watazamaji watasamehe. Binti mwerevu akiwa mjinga kwa epizodi moja ili ndoa ifungwe, hawatasamehe.

Na ninyi watazamaji msikubali kuambiwa kwamba mnachunguza mno. Mtu anayeuliza kwa nini watoto walifichwa makaburini amekaa na hadithi ile kwa makini, ameiheshimu, na anadai naye aheshimiwe.

Kwa waandishi nina ombi moja kabla ya maswali. Mkimaliza mswada, mpeni mtu mmoja asiyewaogopa ausome, na kila mhusika anapofanya uamuzi, amtetee huyo mhusika kwa hoja za mhusika mwenyewe. Pale atakaposhindwa kumtetea, rudini hapo muandike upya kabla kamera haijawashwa. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya HBO. Inahitaji jioni moja na kikombe cha chai, na naomba muianze na mswada ulio mezani kwenu sasa hivi.